Moyo Uliobaki kwenye Monita

Nyie mliobaki ofisini mlinidai maneno siku ya kuniaga, nikawaambia sina, nikala pilau yenu nikaondoka. Sasa niko nyumbani Kinondoni, asubuhi sina pa kukimbilia, na maneno yamekuja yenyewe. Vyeo sitavitaja. Mshahara ndiyo kabisa. Aliyekuwa analipa anajua na mie najua. Nitawasimulia kazi, na nitakawia zaidi kwenye ile monita ya Temeke, maana nasikia huko mnaisimulia kama hadithi ya majini, tena mnaisimulia vibaya.

Nilianza kwa Mzee Awadhi. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mwarabu wa hapa hapa, baba na babu walikuwa wauza vitambaa, yeye akafungua karakana ya redio chumba cha nyuma. Vitambaa mbele, waya nyuma. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na cheti ndani ya bahasha. Hakukitazama. Alinipa redio iliyokuwa inakoroma akaniambia, "Isikilize." Nikachukua bisibisi, akaninyang'anya. "Nimesema isikilize, Zuhura. Sijasema ifungue." Nikakaa naisikiliza redio mbovu mpaka adhana ya alasiri, nimenuna, najiapiza kuwa kesho harudi mtu hapa. Kesho nikarudi.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: tasta ya kupimia umeme, kichomeo cha risasi chenye mpini uliofungwa tambara, na mswaki wa zamani wa kusugulia kutu. Alipendaga kusema kwamba chombo kibovu kinasema ukweli, ila kinasema kwa wakati wake, na ukikifungua kwa papara kinanyamaza. Mie nilidhani ni maneno ya mzee asiyetaka kuchakaza bisibisi zake. Nimeishi kuyarudia kwa watu wengine, na nyie ni mashahidi, niliwachosha nayo.

Kompyuta zikaingia, karakana ikageuka kampuni, tukahamia ghorofani, akaja mkurugenzi mwenye tai. Nikajifunza kuandika programu kwa vitabu vya kuazima. Wenzangu walitaka kuandika vitu vinavyoonekana, rangi na vitufe na picha zinazozunguka. Mie nikapenda kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu na kuamua nani afanye kazi sasa na nani asubiri. Hakuna anayekusifu ukifanya kazi kwenye kiini. Ukisikia wanakutaja jina ujue kimeharibika.

Najua waume zenu na wake zenu nao watasoma, kwa hiyo nieleze kidogo. Ndani ya kiini kazi zinafanywa na nyuzi. Kila uzi una shughuli yake, na kila uzi unajiona uko peke yake duniani. Chukueni bafu la nyumba ya kupanga. Mpangaji anaoga, ndoo yake iko ndani. Akimaliza anatoka na ndoo yake, ndipo mwingine anaingia na ya kwake. Komeo lipo kwa ajili hiyo. Sasa komeo likiwa bovu, mwenye haraka akaingia kabla mwenzake hajabeba ndoo, ataoga maji ya mwenzake na wala hatajua. Siku nyingi halitokei, kwa sababu watu wanapishana. Siku likitokea hakuna shahidi.

Haya. Miaka michache kabla sijastaafu, kampuni yetu iliunda monita za mapigo ya moyo kwa hospitali moja ya Temeke. Sehemu kubwa ya programu ilikuja na chipu kutoka nje, sie tukaunganisha. Monita moja ilikaa ukutani katikati ya vitanda viwili. Kioo kimoja, mistari miwili: wa juu wa kitanda cha dirishani, wa chini wa kitanda cha mlangoni. Mgonjwa anabanwa kibanio kidoleni, waya unachomekwa kwenye tundu la kitanda chake, mstari unaanza kupanda na kushuka.

Mkurugenzi akaniita ofisini kwake, uso umemsawijika. Kulikuwa na kijana wa Buguruni, Shabani, mchomelea mageti, aliyelazwa kitanda cha mlangoni kwa nimonia. Alifariki mchana, na alasiri ile ile akazikwa, kama ilivyo ada yetu Waislamu kwamba maiti hacheleweshwi. Lakini mama yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda muda wote. Anasema nesi alipomfunika kijana shuka, mstari wa mwanawe ulikuwa bado unapanda na kushuka, mzuri kabisa. Nesi akanyoosha mkono akaizima monita. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Alipofika alikuta mwili, na hakuweza kusema roho ilitoka saa ngapi.

"Mama anasema amemzika mwanawe hai," mkurugenzi akasema.

"Na nesi?"

"Amesimamishwa. Kamati itakaa. Wakiona mashine ilikuwa nzima, amekwisha huyo."

"Ilikuwa nzima?"

"Tumeipima hapa, iko salama. Nimeshawaandikia kwamba iko salama."

Nilichemka. Amewaandikia mie sijaigusa! Nikamwambia, "Bosi, mficha uchi hazai." Akanitazama kama niliyemtukana mama yake. Nikamchukua mwenzangu Godlove, mnamjua, mlokole yule, tukaondoka.

Tulikwenda kwanza Buguruni kwa mama wa marehemu. Nyumbani hayupo. Jirani akasema, "Mama Shabani? Mfuateni makaburini. Kila alasiri yuko huko." Tukamfuata. Jua lilikuwa bado kali, watoto wanapita na madumu ya maji kando ya ukuta, na katikati ya makaburi mapya tukamuona mwanamke amelala kifudifudi, sikio ardhini. Halii. Anasikiliza.

"Mama Shabani," nikamwita kwa sauti ya chini. "Assalaam alaykum. Pole mwenzangu."

Akaninyooshea kidole ninyamaze. Tukasimama pale. Baadaye mama akainua uso, mchanga umemganda shavuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia mboga, "Jana kama nilisikia. Leo malori yamezidi."

Jamani. Nimefanya kazi na mitambo iliyounguza watu, lakini mwili haujapata kunisisimka namna ile, tena mchana kweupe. Nikakaa chini pale pale na baibui langu, nikamuomba anieleze siku ile.

"Nieleze nini? Feni zilikuwa zimesimama, joto kama tanuri. Nampepea na upindo wa khanga, macho yangu kwenye kioo. Kinapanda, kinashuka. Nikasema mwanangu anapambana. Halafu yule nesi ananiambia ameondoka. Ameondoka vipi, na kioo kinapiga? Nikamuonyesha. Akakizima!" Akanishika mkono, akanibana. "Wewe ni mtu wa mitambo. Niambie tu. Nilimzika yu hai?"

Nikamwambia nitalitafuta jibu, na nikajichukia kwa kusema hivyo, maana sikujua kama lipo.

Kutoka hapo tukaenda Kimara kwa huyo nesi, Sista Paskalina, mwanamke wa Masasi, mfupi, mikono mipana. Alikuwa kibarazani anachagua mchele, na hakuacha kuuchagua alipotuona. Alidhani tumekuja kumsainisha kitu. Nilipomwambia nataka kujua alichokiona, ungo ukatulia.

"Nilimkanda kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Nikamshika shingo, hakuna kitu. Nikatazama kioo, kinapiga. Nikamshika tena. Mwili umenyamaza, kioo kinapiga. Nikasema, Paskalina, umerogwa wewe au umerogwa ukuta?"

"Ukaizima kwa nini?"

"Niliogopa, dada. Mtu amekufa mbele yako na moyo wake uko ukutani unaendelea. Wewe ungefanyaje?"

Akatueleza kuwa kibanio cha kitanda cha mlangoni kilikuwa kimekatika waya, na cha akiba hakuna. Kwa hiyo walikuwa wanaazimana: mzee wa dirishani akitulia, wanamvua, wanamvalisha wa mlangoni. Nikamwambia anionyeshe alivyofanya. Akaingia ndani akatoka na chaja ya simu na soketi ya waya mrefu. Mkono wa kushoto ukachomoa, wa kulia ukachomeka tundu la pili, kitendo kimoja, kufumba na kufumbua.

"Mbona haraka hivyo?"

"Mgonjwa amekosa pumzi, dada, nianze kuchomoa waya kama namvua bibi harusi shela?"

Godlove akacheka, mie sikucheka. Maelekezo yetu yalisema chomoa, subiri mstari upotee, ndipo uchomeke kwingine. Ofisini tulipima hivyo, kwa adabu, kila mtu na kibanio chake. Hakuna aliyewahi kufikiri kuhusu wodi ambayo kibanio kimoja kinahudumia roho mbili.

Tukarudi, tukaiweka monita ile ile mezani, tukaanza kuchomoa na kuchomeka kwa mtindo wa Sista Paskalina. Hakuna kitu. Nikaandika ndani ya kiini mistari ya kunipa taarifa, kila uzi useme unapoingia na unapotoka. Hakuna kitu. Hapa vijana huwa mnakata tamaa, kwa hiyo sikilizeni: uzi unaolazimishwa kutoa taarifa unachelewa, na nyuzi zikichelewa zinapishana vizuri. Kosa la namna hii ukilitazama haliji. Linangoja ugeuke. Godlove alikuwa ameanza kuikemea monita kwa jina la Yesu, nikamwambia akemee polepole, nafikiri.

Nikazifuta zile taarifa zote. Siku hiyo umeme ukakatika, na jenereta, kama kawaida yetu, ilikuwa na kila kitu isipokuwa mafuta. Monita ikabaki kwenye betri yake. Nilikuwa nimevaa kibanio mwenyewe kwenye mstari wa juu. Adhuhuri ikaadhiniwa. Kwa hasira tu nikachomoa waya, nikauchomeka tundu la chini kama Sista, nikakivua kibanio nikakitupa mezani, nikaenda kuswali. Nikapitia chai.

Niliporudi nilimkuta Godlove amesimama mlangoni, haingii.

"Da Zuhura, usipite."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu ndani."

Nikachungulia. Chumba kitupu. Feni imesimama, pazia halitikisiki, kibanio kiko mezani kimejibana chenyewe. Na kwenye kioo mstari wa chini ulikuwa unapanda na kushuka.

Sikukimbia. Nikabaki naukodolea macho. Sasa, mie moyo wangu una kasoro. Unaruka pigo moja, halafu unakimbia kidogo kulifidia. Daktari alishanionyesha kwenye karatasi, naujua kama naujua mwandiko wangu. Mstari wa kwenye kioo ukapanda, ukashuka, ukaruka, ukakimbia kidogo.

"Ni mie yule," nikasema.

"Astaghfiru," akasema Godlove, mlokole mzima.

Nikajishika mshipa wa mkono. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Ule wa kwenye kioo ulikuwa umetulia, wa mtu aliyeketi kwenye kiti anangoja adhana. Nilijiona nilivyokuwa kabla sijaondoka, na nimesimama hapa na kikombe mkononi. Nawaambia ukweli, nilitamani kuizima. Mkono ulishafika kwenye swichi, nikamwelewa Sista Paskalina kabisa.

Ndipo nikaitazama feni. Feni zilikuwa zimesimama, alisema mama wa watu. Umeme ukikatika, monita inaingia kwenye betri, na ikiwa kwenye betri kiini kinaipunguza kasi ili chaji idumu. Kila kitu kinakuwa kizito. Waya ukichomolewa, uzi wa kutoa unatakiwa uibebe ndoo ya mapigo uondoke nayo. Siku ya umeme unawahi. Siku ya betri unajikongoja, uko bado mlangoni, na waya umeshachomekwa tundu la pili, na uzi wa kuingiza umeshaingia na kukuta ndoo imejaa. Unaichukua. Unaichora kwenye mstari wa chini, ikiisha unaanza upya, na upya tena, na wala hautazami kama kuna kidole. Sie tulipoipima ofisini, umeme ulikuwepo.

Marekebisho yenyewe ni aibu kuyasimulia kwa ufupi wake. Nikaweka kufuli moja, uzi wa kutoa ulishike mpaka umalize kazi yake, na ndoo isigawiwe kwa yeyote kabla haijamwagwa. Mistari michache haijazi ukurasa. Kazi ilikuwa kuamini. Tuliendesha kwa betri asubuhi mpaka jioni, ofisi nzima inachomoa na kuchomeka, mpaka mhasibu. Kosa halikuja, na safari hii nilijua haliji kwa kuwa halipo, si kwa kuwa limejificha.

Mkurugenzi hakutaka tukaseme kwenye kamati. Alitaka tuzibadilishe monita kimyakimya tukisema ni matengenezo ya kawaida. Nikamwambia, "Wewe nenda na barua yako, mie nakwenda na monita, tuone watamsikiliza nani." Siku ya kamati alikuja, na monita ya pili aliibeba yeye. Nampa haki yake.

Chumba kilikuwa kimejaa. Mama Shabani alikaa mbele na kaka yake. Sista Paskalina alikaa karibu na mlango, mikono mapajani, hakuna aliyekaa naye. Nikaziweka monita mbili mezani, ya zamani na iliyorekebishwa. Nikavaa kibanio, moyo wangu ukatokea mstari wa juu na kuruka kwake. Nikachomoa umeme wa zote mbili ukutani. Nikaomba kalamu ya mwenyekiti. Nikachomoa, nikachomeka, nikaibana kalamu. Mstari wa chini kimya. Nikarudia. Kimya. Mkurugenzi akakohoa. Nikamkumbuka Mzee Awadhi, nikaacha kuukodolea macho, nikarudia tena.

Kalamu ikapiga moyo.

Ilikuwa imelala mezani, kalamu ya wino wa bluu, na juu yake kioo kinapanda, kinashuka, kinaruka. Mtu nyuma akasema, "Audhubillahi." Mwenyekiti akasogeza kiti chake nyuma, na kalamu ile hakuitaka tena.

Mama Shabani akainuka. Akaja akaishika kalamu, akaiminya kama anayetafuta mshipa.

"Hii haina roho."

"Haina, mama."

"Yale mapigo niliyoyaona yalikuwa ya nani?"

"Ya yule mzee wa dirishani," Sista Paskalina akajibu kutoka mlangoni. "Nilichomoa kwake."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Aliruhusiwa."

Mama akatikisa kichwa polepole. Kisha akaniambia, "Niwekee ile nzima." Nikamvalisha kibanio kwenye monita ya pili, moyo wake ukapanda. "Sasa fanya kama siku ile." Nikachomoa, nikachomeka, nikaibana kalamu. Mstari wa chini ukalala, moja kwa moja, kutoka ukingo mpaka ukingo. Akautazama muda mrefu.

"Ndiyo hii niliyotakiwa niione," akasema.

"Ndiyo hii, mama."

"Basi sikumzika hai. Lakini ningeiona hii ningemtamkia shahada. Mie nilikuwa namwambia subiri, daktari anakuja. Mwanangu ameondoka hakuna aliyemtamkia."

Mie Muislamu, najua uzito wa neno hilo. Mashehe hawakuwepo pale, na hata wangekuwepo wangemwambia nini? Nikaanza kukusanya nyaya ili nipate cha kufanya.

"Nilimtamkia mie," Sista Paskalina akasema.

Wote tukageuka. Alikuwa amesimama, msalaba wake mdogo shingoni. "Mie ni Mkristo, mama, unisamehe. Lakini wodini kwetu wengi ni Waislamu, na wengine wanaondoka hawana ndugu karibu. Nilijifunza. Nilipoona pumzi zinamkatika nilimwinamia sikioni nikamtamkia. Wewe ulikuwa unaangalia kioo."

Mama Shabani akamwendea mpaka akasimama mbele yake.

"Itamke," akasema. "Niisikie ulivyomtamkia."

Sista Paskalina akaitamka, mbele ya kamati nzima, kwa lafudhi yake ya Masasi, polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Mama Shabani aliisikiliza amefumba macho mpaka neno la mwisho.

"Imemfikia," akasema. Kisha akaigeukia kamati. "Mrudisheni kazini."